Madebe ya Ndege ya Mbao

Nilikuwa macho, ilikuwa Jumapili saa tisa alasiri, na nilikuwa nimekunywa chai tu. Nayasema haya kwanza kwa sababu najua utakachouliza.

Nalinda karakana moja mtaa wa Jeppestown, huku kusini mwa Afrika. Ndani kuna ndege ya kivita ya zamani, ya mbao na kitambaa, bawa juu ya bawa, iliyotumika Afrika Mashariki katika vita vya kwanza vya dunia. Mwenye ndege alipojua kwamba najisomea historia, alinipa kazi ya kuandika habari za utumishi wa ndege hiyo kwenye bango, jina langu chini. Unajua uzito wa jambo hilo kwa mtu aliyeachia shule darasa la sita, kwetu Uvira? Nilisoma daftari la ndege ukurasa kwa ukurasa: saa za kuruka, injini zilizobadilishwa, marubani. Nikamalizia hivi: “Katika utumishi wake wote, ndege hii haikupoteza mtu hata mmoja.” Bango lilikuwa lichapwe kesho yake.

Jumapili hiyo geti likagongwa. Siku ya mapumziko amri ni kutomfungulia yeyote. Lakini mgeni alisema, “Hodi, wenyewe,” na sisi wa mbali tukisikia Kiswahili katika mji huu, mkono hutangulia akili. Nikafungua.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, kifua wazi, miguu imevimba. Salamu yangu hakuijibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndege, akainusa.

“Nisomee ulichoandika, mwanangu.”

Mwanangu? Mimi nina miaka hamsini na miwili. Lakini niamini, nilisoma. Akacheka kwa dharau.

“Petroli yake ilitembea juu ya vichwa vyetu, debe kwa debe, toka reli mpaka kiwanjani. Tuliondoka arobaini. Tulizikana njiani. Haikupoteza mtu?”

“Daftari halikutaja, mzee.” Ndiyo, nilimwita mzee.

“Aliyeliandika alibeba nini? Futa.”

Nikamjibu kwamba siandiki kisicho na ushahidi.

“Ushahidi,” akasema, akaniwekea kiganja utosini.

Uzito ulionishukia ulinipigisha magoti. Petroli ilinitiririka mgongoni, baridi. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu, geti limefungwa kwa kufuli, na shati langu ni kavu.

Nilifuta sentensi ile, nikaandika habari za wapagazi. Mwenye ndege akasoma, akasema, “Eish, watu wanakuja hapa kufurahi, si kuomboleza.” Akachapisha maandishi ya kwanza. Nilimwomba basi aondoe jina langu. Akadhani naona haya, akaliacha.

Miezi saba imepita. Shingo yangu hainyooki. Utosini nywele zimenyonyoka mviringo, kiasi cha kata ya kubebea mzigo, na daktari haoni sababu. Kila bango lile linaposomwa kwa sauti, napiga magoti, popote nilipo karakanani.

Wewe unayeandika, usiweke jina lako kabla hujajua nani alibeba. Mimi nililiweka mapema, na wenye mzigo wanalijua.