Jani la sale kwa mtunzi wa kantri

Jumatano nilikuwa kwenye duka la kuwekea nyimbo kwenye flashi pale mtaa wa Soweto, akaingia mzee mmoja mwenye kofia pana, mtunzi wa siku nyingi wa nyimbo za kantri. Vijana wa hapa Moshi wameimba upya nyimbo zake kumi na mbili, wakatoa albamu ya kumuenzi, naye alikuja kuisikiliza.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana aliyeongoza kazi hiyo. Kabla ya kuwasha spika, alimkabidhi jani la sale kwa mikono miwili. Kwetu Uchaggani ukiletewa sale unaombwa msamaha, na kukataa ni mwiko.

"Umenikosea nini?"

"Bado hujasikia, mzee."

Mzee alilipokea, akasikiliza. Gitaa lake la taratibu walikuwa wamelitoa, wakaweka ngoma za disko. Albamu ilipoisha, alilikunja lile jani akalitia mfukoni.

"Nimesamehe wimbo wa kwanza," alisema. "Zimebaki kumi na moja."

Ndiyo shida ya kumuenzi mtu angali hai. Marehemu angesamehe zote bila jani.

Jioni nilimkuta yule kijana kwenye ua wa masale wa jirani yangu, anachuma huku midomo ikihesabu.