Jumamosi za Mpiga Pasi

Hotelini walimwita Mama Mapacha, ingawa mapacha wenyewe walishaolewa, kila mmoja mji wake, na mama yao akabaki na chumba kimoja, jiko la gesi na redio yenye sauti ya mafua. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia, kule chini ambako wageni hawafiki. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza, mvuke kutwa nzima, kiasi kwamba akitoka nje watu wakilalamika joto, yeye anajikunyata. Mumewe alikufa kijana. Tangu hapo hakutaka habari za wanaume, na wao hawakumsumbua sana, maana alikuwa na jicho ambalo, kwa maneno ya shoga yake, lingeweza kunyoosha shati bila pasi.

Shoga huyo alikuwa mkunja mashuka. Walifanya kazi kwenye meza zinazotazamana, na mdomo wake haukujua likizo. Ndiye aliyemtoa Mama Mapacha ndani.

"Jumamosi tukitoka kazini unakwenda wapi?"

"Kulala."

"Utalala kaburini, mama. Leo twende dansi la mchana."

"Mimi na dansi wapi na wapi?"

"Basi kaa ule samaki. Au hata na samaki umegombana?"

Dansi lilikuwa kwenye bustani nyuma ya duka la matairi. Bustani kwa jina tu: paa la mabati, sakafu ya saruji iliyolainishwa na soli za watu, na meza za plastiki ambazo hakuna hata moja iliyosimama sawa. Bendi ilikuwa ya watu wazima. Mpiga gitaa la solo alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mpiga tarumbeta alikuwa na kitambi alichodai ndicho ghala la pumzi. Mwimbaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, aliimba ameketi mpaka wimbo umpande, ndipo anapoinuka, na akiinuka bustani nzima inainuka naye. Mlangoni alikaa bibi mmoja na kikaango chake, anakaanga samaki na viazi, ananyunyiza chumvi, ndimu na pilipili ya kusaga, anafunga kwenye karatasi. Hakujua jina la mteja hata mmoja; aliwaita kwa wanachokula. "Wewe Mkia," angesema, "na wewe Pilipili-Pembeni, mbona leo mmechelewa?"

Mama Mapacha alikula kwa vidole, mafuta yakamteremka hadi viwikoni, na gitaa likaanza. Alikuwa amesahau. Redio inakupa wimbo, lakini haikupi yule mtu anayefuta jasho katikati ya wimbo, wala haikupi ngoma inayopita kwenye miguu ya kiti ikakuingia mgongoni. Mguu wake ukaanza kugonga sakafu bila ruhusa.

"Mama, mguu umeshakubali," sauti ya mwanamume ikasema. "Umebaki wewe tu."

Alikuwa fundi vigae. Hilo alilisema mwenyewe kabla ya kuulizwa, kama kuomba radhi, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kupiga magoti kwenye sakafu za watu. Alicheza kwa mabega na kiuno, magoti akiyaonea huruma. Katikati ya wimbo alitazama chini akasikitika. "Nani kaimwaga saruji hii? Aliyeimwaga alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mama Mapacha akacheka. Shoga yake aliyekuwa mezani aliacha kutafuna. Tangu wajuane hakuwahi kumsikia akicheka kwa sauti ile, sauti ya msichana.

Jumamosi iliyofuata hakuhitaji kuvutwa.

Wakawa hivyo. Saa za kazi zikiisha, Mama Mapacha ananawa, anabadili nguo nyuma ya mashine za kufulia, anatoka kwa mlango wa nyuma, na Fundi anamsubiri kwenye kona, shati limenyooka, shingo imenyolewa. Walianzia bustanini, kisha wakatanua miguu. Fundi aliujua mji kwa masikio na kwa tumbo. Alimpeleka uwanja wa soko, ambako vijana watatu walipiga ngoma na filimbi kati ya mafungu ya vitunguu, na mchuuzi wa mahindi ya kuchoma alikata viuno huku akipepea makaa. Alimpeleka kwenye kibanda cha supu ya kuku karibu na kituo cha treni, ambako kipofu mmoja alipiga kinanda cha mkono na wapishi wakamwitikia kwa kugonga masufuria. Kila mahali Fundi alikula polepole, amefumba macho. Akamaliza kwa maswali: "Humu wametia nini? Tangawizi? Na ule wimbo wa pili ulianza na tarumbeta au na gitaa?"

"Fundi, wewe umekuja kula au kufanya mtihani?"

"Nataka nikumbuke," alisema.

Mama Mapacha alidhani ni ulafi, akampenda kwa ulafi huo.

Jua likianza kuteremka, Fundi aliaga. Hata wimbo uwe mtamu vipi. Hakusema anakoishi, na Mama Mapacha hakuuliza, akijiambia kuwa mtu mzima hapekuliwi mifuko. Pacha mkubwa alipopiga simu, alimsikia mama yake akiimba huku maji yanachemka.

"Mama, una nini siku hizi?"

"Nina samaki mzuri na bendi nzuri."

"Na nani?"

"Na fundi mmoja."

"Huyo fundi kwake kuna nani?"

Mama Mapacha alisema maji yanamwagika, akakata simu. Ukweli ni kwamba lile swali lilikuwa limeshamjia mara nyingi, na kila likija alilikunja, akaliweka chini ya mengine.

Kisha Jumamosi moja Fundi hakuwepo kwenye kona. Mama Mapacha alisubiri mpaka mlinzi wa mlango wa nyuma akamletea kiti. Jumamosi ya pili vilevile. Alikwenda bustanini peke yake, akanunua samaki, akakaa mkao wa kumwona kila anayeingia. Badala yake alikuja fundi mwenzake, mtu mwembamba aliyezoea kuwatania.

"Shemeji," alisema, kisha akajisahihisha. "Mama. Hukusikia? Fundi kafiwa."

"Kafiwa na nani?"

Yule mtu aliangalia bendi, akaangalia viatu vyake. "Na mkewe."

Mwimbaji alikuwa ndiyo kwanza ameinuka. Watu wote walikuwa wamesimama wanapiga makofi, na Mama Mapacha peke yake akabaki amekaa, karatasi ya samaki mikononi, akisoma maneno ya gazeti la zamani chini ya mafuta bila kuelewa hata moja.

Shoga yake alimkataza. "Unakwenda kufanya nini kwa watu?" Lakini aliuliza njia kwa yule fundi mwembamba, akaenda. Alitaka kuona. Hasira ilimtoa nyumbani, na hasira hiyo ikamfikisha mpaka mlangoni. Hapo ikamwacha. Nyumba ilikuwa ndogo, na sakafu yake ilikuwa na vigae vya kila rangi, masalio ya kazi za watu, vimepangwa kwa ustadi mpaka hapakuwa na hata kizingiti kimoja, kutoka kitandani hadi jikoni hadi uani. Kando ya ukuta kulikuwa na kiti cha magurudumu. Fundi mwenyewe alikuwa uani na wanaume wenzake. Alimwona, akataka kuinuka, magoti yakakataa, akabaki anamtazama tu.

Mama Mapacha hakujua aseme nini, basi akaingia jikoni, mahali pa mtu asiyejua aseme nini, akaanza kuosha vikombe. Huko alimkuta mwanamke aliyefanana na picha ya marehemu iliyokuwa sebuleni; alikuwa mdogo wake.

"Asante, dada," yule mwanamke alisema. "Shemeji unamfahamu vipi?"

"Aliweka vigae hotelini kwetu," alidanganya.

"Ah. Kazi yake nzuri." Akasuuza kikombe, akakiinamisha. "Na mtu mwema. Tangu kiharusi kimpige dada, yeye ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha. Mimi nilikuwa nakuja Jumamosi tu, apumue. Dada mwenyewe ndiye aliyemfukuza. 'Nenda kasikilize muziki, utanizeekea humu ndani.' Walikuwa wachezaji hao, usiwaone hivi! Walikutana kwenye dansi. Basi shemeji akirudi, anaketi pale kitandani anamhadithia: leo nimekula hiki, kimetiwa hiki, wimbo ulianza hivi. Dada anacheka mpaka anakohoa. Shemeji akaamini amepata dawa."

Mama Mapacha alikuwa ameshika kikombe kilekile. Maji yalikuwa yakipita juu yake.

"Lakini mimi ndiye niliyebaki naye," mwanamke akaendelea, sauti ameishusha. "Mlango ukishafungwa, dada anageukia ukuta. Analia. Analia mpaka foronya inaloa, nambadilishia nyingine. Jua likikaribia kuzama ananiambia, haya, nipanguse uso, nipake poda, anakuja. Nikamwambia, si umkataze asiende? Akasema, 'Anacheza na mtu. Ameanza kunyoa shingo. Mimi mume wangu namjua. Mwache, na asiambiwe.' Na mpaka dada amekwenda, shemeji hakuambiwa." Akajifuta macho kwa mkono wenye povu. "Nami sijui kwa nini nakwambia wewe. Labda kwa sababu hatujuani."

"Labda," Mama Mapacha alisema.

Akaosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi.

Hotelini foronya zilikuja kama kawaida, matoroli kwa matoroli. Alizipiga pasi. Mara nyingine alijikuta amesimama, kiganja kimelala juu ya kitambaa kama anayetafuta unyevu, na mkunja mashuka anamwita kwa mara ya tatu.

Wiki zikapita. Alasiri moja akatoka kwa mlango wa nyuma, akamkuta Fundi kwenye kona. Amekonda. Shingo haikunyolewa. Walikwenda bustanini, na bibi wa kikaango alipowaona aliwafungia samaki wawili bila kuwatania. Walikaa meza ya pembeni. Bendi ilikuwa bado inafunga nyaya.

"Nilikuficha," Fundi alisema.

"Ulinificha."

"Kila Jumamosi nilitaka kukwambia. Nikaona nikisema, nitazikosa hizi saa chache. Nilikuwa mwoga." Alisugua mezani kwa kidole gumba, kama anayeondoa saruji. "Lakini sikumwibia. Hilo nataka ulijue. Yeye ndiye aliyenituma. Nikirudi nikimhadithia, anafurahi, anacheka. Usiku nikikosa usingizi hilo ndilo linanilaza, kwamba Jumamosi zile zilikuwa zake pia." Akainua macho. "Sina magoti, na nyumba yangu ni ya vipande vipande. Lakini nataka tukae wote. Kwa heshima, mbele za watu. Niambie nije kwa nani nizungumze."

Mama Mapacha alikuwa amemsubiri mtu aseme maneno hayo bila kujua kuwa anasubiri. Sasa yamesemwa, na aliyeyasema ni yule anayemtaka, na yeye ana neno mdomoni zito kama kokoto. Akilitema, atakuwa amemnyang'anya mtu huyu usingizi wake maisha yote. Akilimeza, atalala kando yake kila usiku huku analijua, na kila atakapocheka atamwona mwingine amegeukia ukuta. Alijaribu kuyapima yote mawili. Mpiga ngoma alikuwa anajaribu ngozi, tu, tu, tu.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini?"

"Mtu aliyeweza kunificha mke, kesho atanificha nini?"

Aliliona neno likimwingia. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu aliyoitegemea, na Mama Mapacha akajua kuwa amempiga kwa jiwe dogo ili asimpige kwa kubwa, na kwamba hatashukuriwa kwa hilo kamwe.

"Una haki," Fundi alisema. "Kula basi, samaki asipoe."

Alikula. Mpaka leo hakumbuki kama alikuwa na chumvi.

Mkunja mashuka alimgombeza kwa muda mrefu. Mwanamume huru, mwenye kazi yake, mwenye nia, unamwacha kwa kosa aliloliungama mwenyewe? "Wewe una roho ya chuma cha pasi!" Mama Mapacha akashika pasi yake. Hata kwake hakusema aliyoyasikia jikoni, kwa kuwa mdomo usiojua likizo hauwekewi amana ya namna hiyo. Akaomba zamu ya Jumamosi mchana, akapewa upesi, maana hakuna aliyeitaka.

Mwaka uliofuata pacha mkubwa alikuja kumtembelea, ana mimba, anatamani kila kitu. Jumamosi akataka samaki. "Wale uliokuwa ukiniimbia kwenye simu, mama. Nipeleke huko huko, kwenye bendi yako." Mama Mapacha akatoa visingizio vyake vyote, hata zamu, vikamwishia, akaomba ruhusa kazini.

Bustani ilikuwa imejaa. Walipata meza karibu na nguzo. Mpiga tarumbeta alikuwa ameongeza ghala, mwimbaji alikuwa bado ameketi, na katikati ya sakafu Fundi alikuwa anacheza na mwanamke mfupi mwenye gauni la njano, kwa mabega na kiuno. Shingo yake ilikuwa imenyolewa vizuri. Mwanamke alisema jambo, wote wawili wakaangalia saruji, wakacheka.

Pacha alikuwa ameshaanza kula. Akageuka, akawatazama wachezaji kwa macho ya udadisi.

"Mama, yule fundi wako ni yupi kati ya hawa?"

"Leo hakuja," Mama Mapacha alisema, akamvutia binti yake karatasi karibu, akaanza kumtolea miiba.