Mdogo wangu alisingiziwa hamezi dawa ya kifafa, kumbe dawa ya kifua ndiyo iliyomwangusha

Wakuu, kwema humu?

Uzi si mrefu, na hakuna chai hata kijiko. Nimekaa nayo miaka mingi, leo naitema.

Miaka ya tisini, soko huria limeshika kasi, nilipunguzwa kazi kwenye mashamba ya miwa kule Ruaha. Nikapata kibarua chuoni Morogoro, kulisha panya wa maabara. Msicheke, kazi ni kazi.

Mhadhiri mmoja alikuwa anapima dawa za kifafa. Panya anapewa phenobarbitone, halafu anashtuliwa kwa umeme kidogo. Aliyepewa dawa hakakamai. Lakini mwenzake mwenye dozi ileile, akiongezewa aminophylline, hii ya pumu, anakakamaa mpaka unamwonea huruma.

Nikauliza kulikoni. Mhadhiri akasema, "Dawa ya kwanza imo mwilini, ila hii ya pili inaipunguzia nguvu ya kumkinga."

Nikasikia, nikaendelea kufagia vizimba.

Sasa mdogo wangu, tumwite Rehema. Ana kifafa tangu utoto, kwetu Magomeni, Kilosa mjini. Alikuwa anameza phenobarbitone kila siku, na miaka mitatu hajaanguka. Akaolewa Kisanga. Mume alijua, wakwe hawakujua.

Daftari lake la hospitali tukaliacha kwa mama. La kwenda nalo ukweni nikamnunulia jipya, lisilo na neno kifafa ndani yake. Ndiyo, mimi mwenyewe. Tuliogopa ataachwa.

Akajifungua binti. Mtoto ameanza kutembea, pumu ikambana mama yake. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila kona, na kijijini kwao ilikuwepo moja. Mganga wa pale akafungua daftari, akaona jeupe, akamwandikia aminophylline. Hakuuliza swali hata moja!

Wiki haikuisha, Rehema akaanguka jikoni mbele ya mama mkwe. Akaanguka tena, na tena. Wakwe wakamrudisha Magomeni na begi lake, mtoto wakabaki naye. Eti atamdondosha motoni.

Kilichoniuma zaidi ni sisi wa nyumbani. Mama, shangazi, mpaka nesi wa dirisha la dawa, wimbo mmoja: "Humezi wewe!" Rehema analia, anaapa. Mama akawa anamfungua mdomo kumkagua kila akimeza, mtu mzima na mtoto wake! Upuuzi mtupu.

Nilipokuja kumwona, nikamkuta anameza vidonge vya aina mbili. Vile vya pili nikavitambua. Jamani, ilikuwa aminophylline, ileile ya wale panya!

Tukabeba madaftari yote mawili hadi hospitali. Daktari akayasoma pamoja, akatikisa kichwa, akambadilishia dawa ya kifua. Kuanguka kukakoma.

Tukaenda Kisanga, mimi nimefura. Yule mganga hana hata haya, ananiambia, "Sasa kwa nini hakusema?"

Rehema akamjibu taratibu, "Daktari, uliniuliza?"

Nilitaka kumporomoshea matusi, nikakumbuka aliyenunua lile daftari ni nani.

Wakwe walichukua zaidi ya mwaka kuamini kwamba hali imetulia. Siku bibi alipomleta mtoto Magomeni, Rehema alipiga magoti uani, mikono wazi. Mtoto akarudi nyuma, akamshika bibi yake kanga, akaamkia kwa adabu kama alivyofundishwa:

"Shikamoo, shangazi."

Wakuu, popote unapotibiwa, taja dawa zote unazomeza, hata ile unayoionea aibu. Usiache yoyote kwa kichwa chako. Na ninyi mnaoandika dawa, ulizeni! Kuuliza kunawapunguzia nini?

Haya, nani humu amewahi kuulizwa dirishani anatumia dawa gani nyingine? Ajitokeze mmoja tu, nipunguze hasira.