Jiwe Alilonishikisha Mzee wa Mgodi

Siku ile tulikuwa watu kumi na watatu: mzee wa mgodi aliyetuongoza, mwalimu wa darasa la nne, wanafunzi wake tisa akiwemo mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu ambaye hakuwa na wa kubaki naye nyumbani, na mimi. Ninaanza kwa kuhesabu kwa sababu ndivyo mzee yule alivyotufundisha. Watu huhesabiwa kabla ya kuingia chini.

Nimeikumbuka hesabu hiyo juzi, kitinda mimba, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu, aliponipeleka kuuona tena mgodi ule wa bati kando ya ziwa. Umefunguliwa kwa wageni. Unavishwa kofia ngumu yenye taa, na kijana mwenye fulana safi anakutembeza akitabasamu. Nilimuuliza, "Nani anahesabu watu?" Akanionyesha karatasi. "Tuko na liste, maman. Usiogope." Mdogo wangu akaniangalia, kisha akatazama pembeni.

Wewe uliyekuwa Gisenyi mwishoni mwa miaka ya tisini huna haja nikueleze. Unakumbuka harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakianikwa kwenye mikeka, na jinsi tulivyokuwa tukinyamaza wote pamoja milio ya risasi ilipoanza kushuka kutoka vilimani. Sisi tulikuwa tumevuka mpaka tukiwa watatu, mimi na wadogo zangu wawili. Baba na mama walibaki ng'ambo, chini ya udongo mweusi wa volkeno. Niliacha shule nikiwa darasa la tano. Asubuhi nilivuka kwenda Goma na viazi vya Bugeshi mgongoni, mchana nilirudi kufua, kuchota maji na kupika maharage. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kitinda mimba aliniita mama mara nyingi kuliko dada.

Mwalimu alikuwa jirani yetu. Alipopanga kuwapeleka wanafunzi wake mgodini aliniambia, "Njoo nawe. Siku moja haitaangusha nyumba." Usiku ule nilipiga pasi gauni langu la Jumapili kwa makaa.

Tulitembea kwa miguu kufuata ufuko, ziwa likiwa kimya upande wa kulia, mimi na sufuria ya viazi vitamu kichwani. Msichana mmoja wa darasa la nne alinicheka. "We mama watoto, umekuja kusoma ama kupika?" Mdogo wangu wa kike akamjibu, "Amekuja kukupangusa makamasi." Hata mwalimu alicheka.

Mlango wa mgodi ulikuwa tundu kwenye jabali, hatua chache kutoka majini. Mzee alitungoja pale na taa zake mbili za karabidi zinazonuka kama kitunguu saumu. Alikuwa amechimba mle tangu ujana wake, na kazi ilipokufa alibaki kuwa mlinzi. Kifua chake kilikoroma kama mlango mbovu.

"Bon," akasema. "Kila mutu achukue jiwe, aiweke hapa. Ukitoka, unachukua yako. Jiwe ikibaki, iko mutu ndani. Hatufungi mulango."

Tukaweka mawe yetu kwenye kingo ya mwamba. Mimi niliokota kubwa la kujaa kiganja.

"Ee, we uko chef?" mzee akanitania, akimaanisha mkubwa wa msafara. La kitinda mimba lilikuwa dogo kama punje ya mahindi. La mzee mwenyewe alilitoa mfukoni: jiwe la gasegereti, lile lenye bati ndani, jeusi na zito kuliko ukubwa wake. Alikuwa nalo tangu siku yake ya kwanza ya kazi.

Ndani kulikuwa na baridi na maji ya kifundoni. Mzee alituonyesha alama za nyundo ukutani, akatuambia zipi ni zake na zipi ni za watu waliokwisha kufa. Kisha mwalimu akaita kutoka mbele, "Nani ataniambia kwa nini mstari huu wa mwamba ni mweusi?" Hakuna aliyejibu. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma hayo kabla sijaacha. Kitinda mimba alikuwa amenishika gauni, na njia ya mbele ilikuwa nyembamba. Nikamkalisha kwenye kitundu cha pembeni, nikamwambia, "Kaa hapa. Usisogee mpaka nije."

Nikaenda, nikajibu. Mwalimu akanisifu mbele ya wote, akaniuliza swali la pili, na la tatu. Nilitoka katika shimo lile nikizungumza naye bega kwa bega, na kwa muda ule mfupi, rafiki yangu, sikuwa mama wa mtu. Nilikuwa mwanafunzi.

Pale mlangoni niliokota jiwe langu, na la kitinda mimba pia. Ndivyo nilivyozoea. Kijiko chake, viatu vyake, shuka lake, vyote vilipita mkononi mwangu kila siku. Mzee akatazama kingo ya mwamba, akaona imebaki tupu. Akaweka taa chini, akafunga mlango wa mbao kwa mnyororo.

Tulikuwa ufukoni tayari kugawa viazi. Nilifungua kiganja ili nishike kisu, nikaona mawe mawili.

Sikumbuki nililia vipi. Namkumbuka mzee akikimbia kuufungua mnyororo, na mwalimu akitaka kumfuata, na mzee akimzuia: "We ubaki na hawa. Mutu moja anatosha kupotea." Kisha akanigeukia, akanitia jiwe lake jeusi mkononi na kukunja vidole vyangu juu yake. "Shika. Usiiweke chini. Mi nikiwa ndani, we ndiye mulango."

Alikaa kule muda mrefu. Kivuli cha jabali kilifika majini. Alipotoka alikuwa amembeba mtoto mgongoni, taa imezimika, naye anakohoa hadi kuinama. Mtoto alikuwa mkavu machoni. Alikuwa amekaa palepale. "Ulisema nisisogee," akaniambia.

Nilipokumbuka kumrudishia mzee jiwe lake, alikataa. "Acha. Sasa iko deni. Mutu akikutafuta chini, siku yeye akipotea, unamutafuta. Hata kama amekufa. Mufu naye anahesabiwa." Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayemfundisha mtoto mchezo.

Miezi michache ilipita. Asubuhi moja mke wake alisimama kwenye ua wetu, amejifunga kitenge cha safari. Mzee alikuwa amepanda Busasamana kumzika dada yake, na njia za kule wakati ule zilimeza watu.

"Hajarudi. Leo iko siku ya tano," akasema. "Alinielezea we ndiye uko na jiwe yake. Mutoto wangu, twende tumutafute."

Wadogo zangu walikuwa nyuma yangu, wameshika gauni langu kila mmoja upande wake. Nilijua tukipanda wawili, yumkini hakuna atakayeshuka. Nilimwambia, "Mama, nikifa hawa watabaki na nani?"

Hakunigombeza. Alitazama watoto, akatikisa kichwa polepole, akaenda peke yake. Alirudi baada ya siku mbili bila kuona hata kiatu. Sasa naye ni marehemu, na hakuna aliyebaki wa kunionyesha njia waliyopita.

Wadogo zangu walikua. Wote wawili walimaliza shule, hilo nililifanya. Mwalimu alihamia mbali. Alama za nyundo za mzee bado zipo ukutani, na yule kijana mwenye fulana safi alizimulika akasema hazijulikani ni za nani. Nilimwambia. Aliandika kwenye karatasi yake, sijui kama atakumbuka.

Juzi nilikuwa nimebeba lile jiwe mfukoni, nikidhani nitaliweka kwenye kingo ya mwamba na kuondoka. Mkono ulikataa. Jiwe pale lina maana kwamba kuna mtu ndani, na mzee hayumo mle.

Tulipokuwa tukirudi, mdogo wangu alisema, "Dada, pikipiki inafika Busasamana chini ya saa mbili siku hizi. Barabara iko salama miaka yote hii." Najua. Nimejua miaka yote hii. Jiwe liko dirishani kwangu sasa, na bado sijaenda.