Dozi ya Kefa na Ng'ombe wa Shemeji

Kefa wa kijiji cha Haneti alikuwa mtu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe ukimwambia mnyama wake anaumwa ni kama umemtukana. Tena ng'ombe huyu aliyekuja kuugua hakuwa hata wake. Alikuwa wa shemeji yake Batholomeo, kaka wa mkewe Paulina, aliyemweka kwa Kefa kama watu wa kule wanavyowekeana mifugo: wewe unachunga, unakamua, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe na ndama ni mali ya mwenyewe. Akikuharibikia mikononi, undugu nao umeharibika.

Basi ng'ombe akatupa mimba. Haukupita muda, Kefa naye akaanguka: homa inakuja jioni, asubuhi imekwenda, jasho la kulowesha godoro, kiuno kinawaka moto. Akameza dawa za malaria, akameza za taifodi, wapi! Paulina akamburuta hadi hospitali mjini. Damu ikapimwa, daktari akasema ni brusela, homa ya mifugo inayowapata na watu, huenda imetoka kwenye maziwa mabichi. Akampa dawa za aina mbili, za wiki sita.

"Mzee, utapata nafuu mapema, usidanganyike ukaacha. Ukikatisha, itakurudia mgongoni."

Bwana mifugo naye akaja, akampima ng'ombe, akasema bila kumung'unya maneno kwamba huyu hatibiwi. Sindano ingemtuliza tu, ugonjwa ungebaki kwenye maziwa na kwenye kizazi. Atolewe zizini, achinjwe kwa utaratibu. "Mwambie mwenyewe," akasema.

Amwambie! Angeanzia wapi? Batholomeo alipopiga simu, Kefa alijibu, "Mzima kabisa, shemeji."

Homa ilipokata, Kefa akala ugali akamaliza, akacheka. Ndipo lilipomjia lile wazo la kijinga, na naliita la kijinga huku moyo ukiniuma: kama dawa imemwinua yeye, kwa nini isimwinue ng'ombe? Akaanza kumgawia. Kapsuli anazifungua, unga anauchanganya na pumba na chumvi, ng'ombe analamba karai hadi chini. Mvua zikanyesha, majani yakaota, ng'ombe akanenepa, ngozi ikang'aa. Jamani, Kefa akaamini amemponya.

Dawa ziliisha kabla ya wakati wake. Ugonjwa ukamrudia mgongoni kama alivyoonywa, na safari hii hakuinuka kitandani.

Ndipo Batholomeo akaja na kamba. Akamzunguka ng'ombe akimsifia. "Umemtunza, shemeji, Mungu akubariki. Nampeleka kwa binti yangu Emiliana. Ni mjamzito, apate maziwa."

Kefa akapiga kelele kutoka ndani, "Usimchukue! Anaumwa, ndio ugonjwa huu ulionilaza!"

Batholomeo akasimama mlangoni, uso umebadilika. "Siku zote unaniambia mzima. Leo namchukua, ndipo anaumwa? Sema tu maziwa yamekunogea."

Paulina akaapa kwa jina la marehemu mama yao kwamba ni kweli. "Wewe umefundishwa," kaka yake akamjibu, akaenda kufungua zizi.

Kefa alijivuta akaanguka sakafuni, akatambaa hadi kizingitini. Ng'ombe alikuwa ameshatoka, anatembea kwa maringo nyuma ya mwenyewe.

"Basi achemshe maziwa, shemeji! Mwambie mtoto achemshe!"

Batholomeo hakugeuka.