Siku Niliyodai Benki Imekula Karo ya Makena

Hii aibu nilikuwa nimeapa kuzikwa nayo, lakini kwa kuwa rafiki yangu Mama Mwenda ameshaieneza mtaa mzima wa Majengo mpaka kwa wauza nyama, afadhali niisimulie mwenyewe kabla haijaongezewa chumvi. Yule mwanamke aliyesimama katikati ya benki hapa Meru mjini akapiga mayowe kwamba ameibiwa ni mimi. Haya, chekeni mmalize tuendelee.

Kazi yangu ni kushona yunifomu, na kabla ya siku hiyo nilikuwa najiona profesa wa akiba. Nilikuwa na akaunti tatu katika benki tatu tofauti, kwa sababu najijua, pesa zangu zikikaa pamoja huwa zinaitana na kuondoka pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya vitambaa, ya pili ya kununua ploti, na ya tatu ya karo ya binti yangu Makena, aliyekuwa anajiandaa kwenda shule ya bweni. Zote zilitaka uweke pesa kila mwezi bila kuruka, ukiruka mmoja tu riba ya mwaka unaisahau, kwa hivyo nikapanga simu itume yenyewe kila tarehe tano, elfu tatu hapa, elfu tatu pale, elfu tatu kule. Tarehe tano ikifika nasikia simu ikilia mara tatu, tii, tii, tii, natabasamu naendelea kukanyaga cherehani. Kusoma hizo meseji? Za nini, na milio nimeshahesabu?

Huo mpango niliupanga wakati wa Krismasi nikiwa kwa mama yangu kule Muthara, mkono mmoja umeshika simu na mwingine unaponda viazi na mahindi ya mukimo. Akaunti mbili za kwanza niliandika namba zote vizuri. Ya Makena, aki, nikashikwa na uvivu. Simu ilikuwa na orodha ya niliowatumia pesa karibuni, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeweka elfu mbili za kuifungua hiyo akaunti, nikasema basi lazima ndiyo iko juu kabisa. Nikabonyeza ya juu, nikaweka namba ya siri, nikarudi kwa sufuria.

Mwaka ukapita. Ikafika Januari, tarehe tano yenyewe, simu ikalia mara tatu kama kawaida, nikavaa vizuri nikaenda kutoa karo, maana Makena alitakiwa shuleni Jumatatu. Na si ningeenda peke yangu kama watu wenye akili? La, nikamchukua Mama Mwenda, nikamwambia, "Twende uone matunda ya nidhamu, mama, wewe na hizo pesa zako za chini ya godoro."

Dada wa kaunta akaangalia kompyuta. "Mama, hapa kuna elfu mbili na shilingi kadhaa."

"Elfu mbili? Angalia vizuri."

"Nimeangalia, mama. Tangu ufungue hujaweka tena."

Wueh! Sijui sauti ile niliitoa wapi. Niligeukia foleni nikasema, "Watu wa Meru, kama una pesa hapa, toa leo! Mtoto wangu anaenda shule Jumatatu na hawa wamekula karo yake!" Mzee mmoja wa Maua aliyekuja kuweka pesa za miraa akarudisha bahasha ndani ya koti, akina mama wa nyuma wakaanza kusukumana kuja mbele, askari wa mlangoni akawa hajui anishike mimi au ashike mlango. Mama Mwenda ananivuta sketi, "Mama Makena, polepole," nami namwambia niache, haki hailiwi kimya kimya.

Meneja akatoka, mwanamke mpole wa rika langu. Akaniuliza hizo pesa nilikuwa nazituma vipi, nikafungua simu nikampa kwa madaha, nikamwambia, "Soma! Soma kwa sauti wote wasikie!"

Akasoma. "Umetuma shilingi elfu tatu kwa Tabitha Karambu." Akapandisha juu, mwezi uliotangulia, Tabitha Karambu. Mwingine, Tabitha Karambu. Akaniangalia kwa huruma. "Mama, huyu Tabitha ni nani?"

Nikainama nikasoma mwenyewe. "Ni... ni mama yangu."

Yule mzee wa Maua akachomoa bahasha yake tena. "Kumbe mwizi ni mamako! Haya, tupishe sisi tuweke pesa."

Watu walicheka mpaka askari akaegemea ukuta. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ile asubuhi ya mukimo, baada ya kufungua akaunti, nilimtumia mama, aliyekuwa ameenda dukani, mia tano ya mafuta ya kupikia, kwa hivyo wa juu kabisa alikuwa yeye. Nikakumbuka pia kwamba kila mwanzo wa mwezi alikuwa ananipigia simu, "Mwari wakwa, ni bwega muno, nimepata," yaani binti yangu, asante sana, na mimi kwa kelele za cherehani nikidhani bado anashukuru ule unga na sukari niliompelekea Krismasi (wazee wetu hushukuru kwa muda mrefu), namjibu, "Ni kidogo tu, mama."

Mchana huo huo nikaenda Muthara. Sitawadanganya, nilienda kudai. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nitamwambia kulitokea makosa, kama kuna kilichobaki anirudishie, Makena atakosa shule.

Nikamkuta ndiyo anaingia kwa boma, amefunga kile kitambaa chake cha kanisani, ametoka kwa duka la kutolea pesa. Aliponiona akapiga makofi. "Leo umekuja mwenyewe! Ona, nimetoa zile za leo nikapitia kuchukua dawa." Akanionyesha dawa zake za presha, pakiti nzima. "Zamani nilikuwa nakata tembe katikati, nusu leo, nusu kesho, ndiyo zifike mwisho wa mwezi. Sikutaka kukusumbua, una mtoto wa kusomesha. Halafu ukaanza kunitumia bila kuombwa. Niliwaambia kanisani, huyu mtoto aliona shida yangu akiwa huko Meru."

Jamani. Sikuwa nimeona chochote. Nilikuwa na akaunti ya vitambaa, akaunti ya ploti, na mama yangu anameza nusu tembe. Aibu ya benki ilikuwa mchezo mbele ya hii.

"Mbona unalia?" akauliza.

"Ni moshi, mama." (Moto haukuwa umewashwa.)

Yale maneno niliyopanga njiani nikarudi nayo yote. Kesho yake nilivunja akaunti ya ploti, riba nikaipoteza, karo ikalipwa, na Makena akaripoti Jumatatu na sanduku lake. Baadaye nikapita pia kumwomba meneja msamaha, nikapata habari kwamba mzee wa Maua hushinda akiuliza Tabitha hajambo.

Sasa naapa, sitabonyeza tena jina nisilolisoma, na ndani ya benki sitapandisha sauti hata nyumba ikiungua. Mpango niliupanga upya, safari hii nimekaa chini, sufuria iko mbali. Ya ploti nikaifungua upya, ya Makena nikaandika namba zote. Kisha nikaongeza mstari wa nne, nikasoma jina herufi kwa herufi, Tabitha Karambu, nikabonyeza.

Mama sijamwambia, na nyinyi msithubutu. Tarehe tano ya Februari simu ililia mara nne, Mama Mwenda akachungulia dukani akauliza kama nimeibiwa tena. Baadaye mama akapiga, nikazima cherehani nimsikie vizuri.

"Mwari wakwa, nimepata."

"Ni kidogo tu, mama," nikasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamshukuru aliyemtumia kwa kukusudia.