Nyundo ya Mjomba Mwepu Ndani ya Kioo

Mjomba Mwepu alipofariki, wanaume wa ukoo tulikaa kikao siku nzima, na mwisho wake nikapewa safari. Mimi ni mtoto wa dada yake, kwa hiyo jina lake lilikuwa langu kurithi. Lakini katika ukoo wetu wa wayeyusha shaba jina halirithiwi mikono mitupu. Mrithi hukabidhiwa nyundo ya jiwe ambayo wazee walipondea mawe ya shaba. Bila hiyo, jina linazikwa pamoja na mwenyewe, na mjane wake, Mama Chola, hafunguliwi kutoka msibani.

Na nyundo haikuwapo. Zamani Mzungu mmoja alikuja kukusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho huko Élisabethville, na mjomba akamkabidhi nyundo imefungwa ndani ya ngozi, huku machozi yakimtiririka. Ukoo mzima ulilia siku ile. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona wazi, maana mwiko wake ndio huo: huonwa na mwenye jina peke yake. "Penye wazee haliharibiki neno," wazee walisema, wakaniagiza nikaiombe irudi kabla ya mvua za kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa karani kuchukua karatasi ya ruhusa. Aliniuliza naenda mjini kufanya nini.

"Kuona nyumba ya vitu vya kale," nikamjibu.

Akanitazama toka viatu mpaka kofia. "Kwa nini uende mbali? Weye mwenyewe iko kitu ya kale." Akapiga muhuri huku akicheka.

Kutoka kwetu Kinsevere nilipanda lori la makaa, nikakaa juu ya magunia. Mchana tuliingia Élisabethville. Kitu cha kwanza kuonekana ni lile bomba refu la kuyeyushia shaba, likitoa moshi kama vile hakuna Jumapili duniani. Moshi wa tanuri la mjomba Wazungu waliukataza, eti unamaliza miti. Wa kwao nadhani haukutumia miti.

Katika mtaa wa Kamalondo nilifikia kwa binamu yangu Kasongo, fundi wa kushona. Aliniazima koti la mteja. "Kule banaangaliaka koti kwanza," alisema, "muntu kisha."

Kesho yake saa tatu nilikuwa mlangoni mwa jumba. Mlinzi, Papa Ilunga, mtu mzima mwenye vifungo vinavyong'aa, alinipokea vizuri. "Ingia, ndugu. Hapana kugusa kitu." Alinipitisha kwenye mivukuto, vyungu na misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya zamani, mpaka kwenye sanduku la kioo lenye kufuli. Akanisomea maandishi ya Kifaransa: nyundo ya wayeyusha shaba, kazi hiyo imekufa, na waliokuwa wakiifanya wamekwisha.

"Banasema mulikwisha bote," alieleza kwa huruma.

Nikainama kuangalia. Nilijua navunja mwiko. Kisha macho yakanitoka. Jiwe lile lilikuwa na pengo pembeni, na pengo hilo nililijua. Nililitia mimi mwenyewe utotoni, nilipoliangusha juu ya figa, nikachapwa na Mama Chola. Lilikuwa jiwe lake la kupondea karanga.

Nikakumbuka machozi ya mjomba. Mzee yule!

Mzungu wa jumba akatokea, akamuuliza mlinzi ninataka nini. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumbembeleza. "Mwambie sitaki kitu," nikasema. "Mwambie alitunze vizuri."

"Anasema ni kitu ya maana kupita yote," Papa Ilunga alitafsiri. "Kila siku iko anaipangusa yeye mwenyewe."

Siku ya tatu nilirudi nyumbani. Wazee waliningoja barazani. Niliwapita, nikaingia jikoni, mahali ambapo mwanaume wa kwetu haingii. Mama Chola, aliyefungiwa humo na msiba wake, alikuwa anaponda karanga za kutia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Jiwe mkononi mwake lilikuwa jeusi, zito, lenye mfereji katikati wa kufungia mpini.

"Mama, hii jiwe ilitoka wapi?"

"Ya bwana yangu. Siku ile muzungu alikuya, nilikosa jiwe yangu, nikakuta hii. Akaniambia: ponda, nyamaza."

"Na haukusema? Nimeenda mupaka Élisabethville!"

"Mulikaa kikao siku muzima, banaume tu. Nani aliniuliza?"

Niliona haya, na naona haya bado. Ile safari yote ya magunia na koti la watu ingekwisha kwa hatua kumi, kutoka barazani hadi jikoni.

Alilipangusa jiwe kwa nguo yake ya msiba, akanipa. "Kamata jina yako. Lakini uniletee jiwe ingine mbio, sombe iko ku moto."

Nikatoka na jina la mjomba mkononi, linanuka karanga, nikawapita tena wazee, nikateremka mtoni kumtafutia jiwe.